Kapu la Nunziata

Nilisia shamari mwezi wa Aprili.
Pakiti iliruhusu: Machi hadi Agosti,
nami, mtu wa Torino, niliyelelewa ghorofa ya tano,
ningejuaje kwamba pakiti nazo husema uongo?

Usiku mmoja zililala kwenye kikombe cha maji,
mbegu kama punje za mpunga zilizovaa fulana za mistari.
Alfajiri Saro nusura azimiminie kahawa.

Bustani yetu hapa Scicli ni kipande cha udongo
kinachotosha kaburi la watu wawili wasiopendana.
Juu yake roshani. Kwenye roshani, Nunziata,
mavyaa wangu, anamenya maharage mabichi,
mdomo umefungwa kama pochi ya bahili.
Miaka saba, na maneno tuliyopeana
hayajai kijiko.

Nikachora mfereji kwa kidole, kina cha ukucha,
nikazitia, nikafukia, nikanyunyiza.
Siku ya kumi na mbili zikaja: nyuzi,
nyuzi za kijani za kutungwa sindanoni.
Nilipiga magoti. Nilizisemesha.
Ganda la haragwe likaanguka karibu na sikio langu.

Mei nikang'oa, nikapandikiza, shubiri kwa shubiri.
Juni jua likakaza.
Nilitaka matunguu, meupe, manene kama ngumi ya mtoto.
Nikapata mashina.
Mashina marefu, yana haraka ya kwenda juu,
kila moja na mwavuli wa manjano kichwani,
na chini, pale tunguu lilipopaswa kukaa,
unene wa kidole gumba changu.

Gesualda wa jirani akachungulia ukutani:
"Aprili? Na mizizi ukaihamisha? Maskini.
Shamari haisahau kusumbuliwa.
Kwani Nunziata hakukwambia?"

Hakuniambia.
Aliona yote, kila siku, kutoka mita nne juu,
kama anayemtazama mgeni akipanda treni
isiyokwenda anakokwenda.

Nilitaka kuyakata yote. Sikuyakata,
kwa sababu ya viwavi: tisa, wa kijani,
mistari myeusi, vidoa vya rangi ya chungwa,
wakila bila haya kama watu wa harusini.
Angalau kuna aliyeshiba.

Wanasema kimya kingi kina mshindo.
Mshindo wa Nunziata ulikuwa kapu.
Tarehe ishirini Julai, saa ile ambayo hata mbwa hawabweki,
lilishuka kwa kamba yake ya kupandishia mkate,
likatua pu! juu ya tuta.
Ndani, gazeti lililokunjwa. Ndani ya gazeti, mbegu.
Na kipande cha karatasi, neno moja kwa penseli:
Sasa.

Sikutazama juu.
Yeye naye, nadhani, hakutazama chini.

Nikasia palepale zitakapokulia, sikuhamisha hata moja.
Nikapunguza, kwa uchungu, zilizobanana.
Nikamwagilia jioni, ndoo baada ya ndoo, hadi mgongo ukanichukia.
Oktoba matunguu yakaanza kuvimba, tabaka juu ya tabaka,
nikayapandishia udongo hadi mabegani
kama unavyomvutia mtoto blanketi.

Desemba nikakata la kwanza. Dume, la duara.
(Hapa hugawanya hivyo: dume ni la kutafuna bichi kwa chumvi,
jike, lile bapa, ni la kupika.
Nani aliyekagua, sijui.)
Kisu kilipopita lililia
kama theluji ya kwetu chini ya buti,
na harufu ikanipanda puani, tamu, baridi,
dawa ya kikohozi ya utotoni bila kikohozi chenyewe.

Lililo zuri kuliko yote nikalitia kapuni,
nikavuta kamba mara mbili.
Likapanda.
Nikangoja. Nikasikia kisu juu ya ubao, kwa muda mrefu.
Likashuka: matabaka ya nje, yale magumu,
na manyoya ya majani, na karatasi:
Haya ni ya supu. Usitupe.

Nikahesabu. Maneno matano, kwa mkupuo.
Nikaenda kuinjika sufuria.