Mita Hamsini

Fomu tayari, kalamu mkononi, nikasoma:
"Lengo la kwanza: kutembea mita hamsini."
Bi Mize akakiweka kigutu chake juu ya mto.
"Mita hamsini, nende wapi?"

Feni ya Chake Chake ikazunguka peke yake.

"Mguu umekwenda na sukari, haya.
Mimi nataka kukalia mbuzi."
Mwanafunzi wetu kutoka bara akauliza: "Wa maziwa?"
Bibi akacheka hadi mto ukaanguka.
"Ya nazi, mwanangu! Goti likunje, lisinimwage."

Kisha choo cha shimo. Kisha mkeka,
siku za kuchambua karafuu na wenzake.
Kisha tahiyatu. Nikamwambia, kiti kimeruhusiwa.
"Mungu karuhusu," akasema. "Mie bado."

Nikaipindua fomu upande usio na visanduku,
nikaandika alivyosema, mbuzi mwanzo, mita mwisho.
Fundi Faki akapima, akafuta, akapima.

Jana, Ole, kabla sijapiga hodi
nikasikia: krr, krr, krr.
Hakugeuka; nazi ilikuwa haijesha.
"Mguu wenu unanibana hapa, kwa ndani," akasema.
"Andika."