Kibati cha Kinga

Ndani ya kopo la misumari nimekiokota:
kibati cha ushuru, kimetobolewa matundu mawili,
namba imeliwa na kutu, mwaka umebaki.
Hamsini na saba.
Kwetu Lubumbashi baiskeli tunaiita kinga,
ijapokuwa ile ya baba haikumkinga mtu na lolote.

Mji ulikuwa ungali na jina la malkia wa watu.
Mwezi wa tatu Chabula, jirani aliyetoka ng'ambo ya mpaka,
alikuja na habari ameibana shavuni kama tumbaku:
huko magharibi weusi wamepandisha bendera yao,
nchi ina jina jipya, Ghana.
Baba alikuwa anaziba pancha.
Akapaka mate kwenye mpira, akasikiliza hewa inatokea wapi.
"Ghana," akasema. "Kwa kinga ni siku ngapi?"
Wakacheka.
Kisha Chabula akaenda kufunga mlango
ambao mchana kutwa huwa wazi.

Kiangazi kilileta homa.
Walisema imetoka Asia, imepanda meli, imepanda gari moshi,
imeshuka stesheni kama msafiri mwenye karatasi zake zote.
Sisi ambao hatukuvuka mtaa usiku bila pasi
tulishangaa homa kupita bila kuulizwa.
King'ora cha kiwanda kililia, nusu ya zamu haikuinuka.
Kwetu ilimkuta Kapinga, mwenye meno sita.
Baba alimfunga mgongoni kwa kitenge cha mama,
akakanyaga pedali, mama akakimbia nyuma ameshika kiti.
Walirudi kwa miguu, wote wawili, wakiisukuma.
Sitaandika zaidi hapo.

Wazungu wakasema shaba imeanguka bei.
Tukalitazama bomba la kiwanda:
moshi ulipanda vilevile.

Mwezi wa kumi, mpira wa chuma ukazunguka dunia.
Wanaume walilala uani kuuvizia,
kila nyota ikagombaniwa,
Chabula akaapa ameusikia ukilia pi, pi, pi,
kumbe ni kifaranga cha Mama Mujinga kimenasa chini ya pipa.
Mwezi uliofuata, mpira wa pili. Ndani yake mbwa.

Mama hakuwa amesema neno juu ya Ghana, wala juu ya shaba.
Sasa akaacha mwiko ndani ya bukari.
"Nani anamlisha?"
Chabula akasogeza gazeti karibu na koroboi.
"Haikuandikwa."
"Atashukaje?"
Akaligeuza gazeti, akatazama hata upande wa matangazo,
sabuni, viatu, dawa ya meno.
"Mama Kapinga, haikuandikwa."
Alimwita hivyo kwa mazoea. Akajiuma ulimi.

Usiku ule nilitoka kwenda chooni.
Mvua ilikuwa imekatika, udongo unanuka,
mama amesimama katikati ya uwanja, uso juu,
mkono mmoja umekunjwa, wa pili chini yake,
kama mtu aliyempokea mtoto
na bado hajajua amweke wapi.

Siku tatu kabla ya Noeli wanaume waliulizwa jambo, mara ya kwanza:
nani asimamie mtaa wenu?
Baba alipiga shati pasi mara mbili, akapangusa spoku moja moja.
Alirudi jua limekwisha kupanda,
anaendesha polepole katikati ya barabara,
mahali ambapo siku zote huendesha pembeni.
Mama akamwuliza, "Umemchagua nani?"
"Ni siri."
"Siri ya nani?"
Baba akafungua mdomo. Akaufunga.
Akamkabidhi shati.

Januari alilipa ushuru, akapewa kibati kingine,
kinang'aa, kingo zake zinakata vidole.
Akakifunga kwa waya uleule.
Hiki akakitia koponi pamoja na misumari iliyopinda.
Hatukuwa watu wa kutupa bati.