Tarakimu Sita

Pikipiki ilirithiwa kabla matanga hayajaanuliwa.
Mabati, ng'ombe wawili wa Seme, suti ya kijivu,
kila kitu kilipata mkono wa kukishika.
Hata mimi nilitazamwa kwa macho ya kupima,
nikasema: mimi simo kwenye orodha.

Kilichobaki hakuna aliyekitaka,
maana hakikuwa na kwato wala bawaba:
masomo mia tatu kumi na mawili ya fizikia
aliyoyarekodi Oyugi usiku, chumba cha nyuma, Nyalenda,
shuka limeziba dirisha, Hawi amekatazwa kukohoa.
Masomo bado yanafundisha.
Kila mwezi yanaingiza dola, dola zinarundikana
mahali ambapo mlango ni neno,
na neno alikwenda nalo.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Daftari lipo. Limo ndani ya simu.
Simu imefungwa kwa kidole chake,
na kidole nimekizika Seme, chini ya mawe.

Mahakamani Kisumu karani aliniuliza, kalamu juu ya fomu:
"Mali iko wapi?"
Hewani, nikasema.
"Kaunti gani?"
Nilidhani anatania. Hakutania.
"Thamani?"
Hupanda mitihani ikikaribia.
Akaandika: *Haijulikani*.

Jina langu likatoka kwenye gazeti la serikali,
siku thelathini nikangoja wa kunipinga.
Hata shemeji wa pikipiki hakujisumbua.
Nikapewa hati, muhuri ungali unanukia wino.
Kampuni ikanijibu kwa adabu kutoka ng'ambo:
pole kwa msiba; akaunti si mali, ni ruhusa,
na ruhusa hufa na aliyepewa.
Wakili akakuna kidevu. "Sheria hii, mama,
ilitungwa watu wakihesabu mashamba."
Alinidai elfu nane kwa sentensi hiyo.

Jana usiku nikabonyeza: *Nimesahau nenosiri*.
Sikusahau. Sikuambiwa.
Wakasema wametuma tarakimu sita
kwenye laini ya marehemu.

Nikapiga laini ya marehemu.
Ikaita. Magoti yakalegea.
"Haloo?"
Sauti ya mzee, ina baridi ya Molo ndani yake.
Laini ilikaa kimya miezi, ikauzwa upya;
sasa ni ya Gachanja, muuza viazi.
"Wewe nawe unamtafuta mwalimu?
Watoto hunipigia usiku: mwalimu, kwa nini kijiti
huonekana kimevunjika kikiingia majini?
Mwanzoni niliwatukana.
Kisha nikamwuliza mjukuu wangu. Siku hizi huwajibu."

Unawajibu vipi?

"Nawaambia kijiti ni kizima.
Mwanga ndio hupinda
ukihama kutoka kitu hadi kitu."

Nikanyamaza. Wakili alishanionya:
kuingia kwa mlango huo ni kosa,
hata kwa mjane, hata mwenye hati.
Barua ya karo ipo mezani, sijaifungua.
Kwenye dirisha la nyuma
misumari ya shuka ingali imesimama.

"Mama, bado upo?" akasema Gachanja.
"Kuna ujumbe umeingia hapa. Ni tarakimu tupu.
Nikusomee?"