Bado Imo

Treni imetoka Kouvola saa kumi na moja alfajiri.
Baba, Ilmari, amekaa mkabala nami,
mikono juu ya magoti kama mtu aliye kwa kinyozi,
namvika hedifoni, vikombe viwili vyeusi.
Bonyeza hapa, baba.
Akabonyeza.

Nilikuwa nimemweleza jana, tukimenya viazi:
nje ya kila kikombe kuna sikio dogo,
linasikia kabla yako.
Mngurumo ukija na kilima, lenyewe hutoa bonde,
ukija na bonde, hutoa kilima cha kimo kile kile,
na mlangoni mwa sikio lako mawimbi yanamezana.
Akafikiri, ganda likining'inia kwenye kisu.
"Kumbe hakinyamazishi. Kinapiga kelele ya pili."
Ndiyo, baba. Dawa ya moto.

Miaka thelathini na mmoja alilisha mashine ya karatasi,
Namba Mbili, ndefu kuliko mtaa wetu,
masikio wazi, mpaka sheria ilipokuja,
nayo ilikuja imechelewa.
Nyumbani ilikuwa "Eh?" na "Eh?"
hadi mama akachoka kurudia,
akawa anamwandikia: *supu iko jikoni, Vuokko amefaulu,*
juu ya karatasi ile ile iliyomziba.

Sasa reli imekatika chini yetu.
Kwanza, anasema, masikio yanabanwa,
kama umepiga mbizi ziwani na hujafika chini.
Kisha ule uzito unatoka,
uzito ambao hukujua umeubeba,
mabega yanashuka yenyewe.
Nikayaona yakishuka.

Kisha, kwa sauti iliyogeuza shingo za behewa zima:
"Bado imo!"
Nini, baba?
"Namba Mbili. Filimbi nyembamba, hapa katikati.
Siku zote nilidhani ni ya dunia."

Lile sikio dogo halikuisikia.
Lingeisikiaje? Haikutoka nje.
Kilima hicho hakina wa kukichimbia bonde.

Nikanyoosha mkono nimvue. Akaushika.
"Acha. Tumeishi nyumba moja bila kujuana.
Niache niisikilize mpaka Lahti."

Theluji ikapita dirishani. Akafumba macho.
Nikajua nimempa zawadi mbaya,
nikaanza kutafuta risiti mfukoni.

Nyuma yetu mtoto akalalamika, kwa kunong'ona,
mamake akamhimiza anyamaze.
Mimi, kwa mngurumo, sikupata neno.
Baba akafumbua jicho moja.

"Anataka biskuti," akanieleza,
polepole, akitamka kila silabi,
kana kwamba mimi ndiye kiziwi.