Mali Yenye Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari
hupotea bila habari.
Yetu ilikuwa na daftari.
Karani alikuja nalo Jumanne, Bonde la Fraser likiwa tope tupu.
Alivua kofia mlangoni. Viatu hakuvua.

Akaandika: ekari tisa, stroberi.
Hakuandika visiki mia mbili ambavyo baba
aliving'oa kwa farasi wa kuazima,
wala kile kimoja kilichomng'oa yeye kidole.
Akaandika: cherehani moja, ya kukanyaga.
Mama alikuwa amesimama mbele yake
kama mtu anayeficha mtoto mgonjwa.
Akaandika: kuku arobaini na wawili.
Kaka Tamotsu akasema, arobaini na mmoja,
mwingine tumemla jana.
Karani akafuta, akasahihisha. Alikuwa mwaminifu,
hilo siwezi kumnyima.

Tuliruhusiwa mzigo wa mikononi tu.
Mama alibeba mchele, mablanketi,
na ndani ya soksi, bobini ya cherehani.
Bila hii, alisema, hawatashona hata leso.

Vancouver tulilazwa kwenye mabanda ya maonyesho ya mifugo.
Ukutani kwetu palikuwa na kibao, jina la fahali
aliyeshinda tuzo mwaka wa thelathini na tisa.
Usiku nilimsikia mama akisugua sakafu,
akisugua,
na harufu ikikataa kuhama.

Stroberi huiva Juni. Nani alizichuma, sijui.

Milimani, majira yetu ya pili ya theluji,
hesabu ikafika kwa posta.
Shamba: limeuzwa. Cherehani: dola saba na nusu.
Toa ghala, toa dalali, toa ulinzi
(tulilindiwa mali yetu dhidi yetu wenyewe),
toa chakula mlichokula kambini.
Baba, aliyeishia darasa la sita Wakayama,
akazipiga shanga za kuhesabia mara tatu.
Jibu lilelile. Hawakukosea hata senti.
Hilo ndilo lililomliza.
Angepata kosa, angekuwa na kitu cha kudai.

Mama alitoa bobini soksini.
Ilikuwa bado na uzi mwekundu wa gauni langu la shule.
Akavuta kiasi, akakata kwa meno,
akamwambia baba, lete koti, kifungo kinaning'inia.

Kwenye daftari lao bobini haimo.
Ninayo hapa mezani.