Taa Nyekundu, Uyuni

Ilianza kwa taa ya betri, nyekundu
kama jicho lililokesha.
Redio ikakohoa, ikanyamaza.
"Lakini betri ni mpya!" akalalama Saturnina.
Betri haina kosa, bibi. Betri ni mtungi tu,
mteka maji ndiye aliyechoka.

Kwanza nikachomoa waya wa hasi.
(Mwaka juzi nilisahau, spana ikanifunza kwa cheche.)
Kisha mkanda, plagi, bolti ya juu.
Ya chini ikagoma:
chumvi ya jangwa hili ilikuwa imeioa.
Nikaimwagia dizeli, nikangoja,
nikaitukana kidogo kwa Kiaymara.

Ikatoka, nzito kama kichwa cha kondoo.
Ndani, brashi zimebaki vipande vya kucha.
Miaka kumi na mmoja zilijisugua kwenye shaba
ili Fortunato aione njia usiku.

Nikafunga altaneta mpya, nikakaza mkanda,
nikapima: volti kumi na nne na ushee.
Saturnina hakutazama mita.
Aliiomba ile mbovu,
akaifuta grisi kwa shali yake,
akaikalisha kiti cha kando,
akaifunga mkanda.