Mkono wa Kushoto

Rosamel, njoo usimame hapa karibu na jiko.
Nyoosha mkono, usipumue kama ng'ombe,
nikupime.
Futi yangu ameitafuna mtoto wa paka,
kwa hiyo nakupima kwa shubiri:
mbili toka kwapani hadi nyonga, tatu kifuani,
na nusu nimeiongeza tumboni kwa ajili ya viazi.

Chiloe mwezi wa sita hakuna la kusema juu ya mvua.
Inanyesha, basi. Paa la mabati
linahesabu kila tone kama bahili na sarafu zake,
nami nahesabu vitanzi:
mia moja arobaini na mbili, mia moja arobaini na...
Umenisemesha! Naanza upya.

Sufu hii naijua kwa tabia.
Ni ya yule kondoo jike mkaidi, aliyeruka ua wa Otilia
akala kabichi zote, tukalipa sisi.
Niliyafua manyoya yake mara tatu kijitoni,
nikachambua miiba, majani,
na ukaidi usiotoka kwa sabuni.
Kisha nikachemsha maganda ya vitunguu ya mwaka mzima.
Nyumba ikanukia mchuzi, ukaja mbio na kijiko.
Hakukuwa na mchuzi. Kulikuwa na rangi,
dhahabu iliyoiva sufuriani,
na wewe umesimama na kijiko chako.

Yasna anapiga simu toka Punta Arenas:
Mama, masweta yamejaa madukani, bei ya kutupa,
pumzisha macho.
Ni kweli yamejaa. Nimeyashika.
Mikono yote sawa, mabega yote sawa,
yamefumwa na kitu kisichowahi kupiga chafya.
Macho yangu, mwanangu, yanapumzika hapa hapa,
kitanzi kinapopenya ndani ya kitanzi
na kutokea upande wa pili kikiwa kizima.

Sasa tazama, Rosamel.
Hapa mgongoni mistari imekazana:
ndiyo siku tuliyogombana juu ya deni la mbao.
Mimi sikukusemesha,
lakini sindano zilikusema.
Hapa umeme ulikatika, nikafuma kwa kupapasa,
kitanzi kimoja kikanidondoka
kikaacha kitundu kama jicho la panya.
Kiache kichungulie.

Na hapa, mkono wa kushoto, ndipo Yasna alipopiga tena:
mtoto kazaliwa, wa kike, kilo tatu na robo.
Nikasikiliza, nikacheka, nikasikiliza,
mikono ikafuma peke yake bila hesabu,
ikafuma,
ikafuma,
na simu ilipokatika
mkono wa sweta ulikuwa umepita kipimo
kwa upana wa vidole sita.

Ningeweza kufumua. Fundi yeyote angefumua.
Bibi Clorinda aliyenifunza
angenichapa sindano vidoleni, aseme
kosa lisilofumuliwa hutaga mayai.
Nilishika uzi, nikavuta vitanzi viwili,
nikasikia kilo tatu na robo zikianza kufumuka.
Nikavirudisha.

Haya, ingiza kichwa. Taratibu, masikio hayo!
Kulia: barabara.
Kushoto: vidole vyako vimemezwa,
umekuwa mtoto ndani ya koti la baba.
Unautazama mkono. Nami nakutazama unavyoutazama.
Kisha unainua birika linalochemka
kwa mkono ule mrefu, bila kitambaa,
mpini wa moto haukuunguzi,
unanimiminia chai.
Eti huu, unasema, ni mkono wa kazi.

Kuna uzi umebaki, donge la ukubwa wa yai.
Linatosha soksi mbili za mtu wa kilo tatu na robo.
Au moja na nusu.
Tutaona yule mkaidi atasemaje.